Kulipa Kabla: Ulipe Yote, Utoe Arubuni, Ulipe kwa Hatua au Umwachie Mtu wa Kati?

Mara ya nne nilipokwenda kuulizia kabati langu la vitabu, nilizikuta mbao zangu kwenye kitanda cha mtu mwingine. Nilizitambua kwa sababu siku tuliyozichagua, fundi aliandika jina langu kwa penseli kwenye ncha ya kila ubao, na pale msumeno ulipopita zilibaki herufi mbili za mwisho. Nilikuwa nimemlipa robo tatu ya bei kabla hajapiga randa hata mara moja.

"Bosi, nivumilie," akaniambia, wala hakuficha kitu. "Mwenye kitanda alilipa kabla yako, na hela yake ilimalizia meza ya aliyemtangulia. Akija mteja mwingine, kabati lako linaanza."

Hakuwa tapeli. Mkono wake ulikuwa mzuri, na kabati lilikuja kutoka, miezi mitano baada ya siku tuliyokubaliana. Ila siku ile ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilidhani nimenunua kabati, kumbe nimetoa mkopo usio na riba, usio na rehani, usio na tarehe ya kurudishwa, na mkopo huo umetumika kuziba pengo la jana. Anayelipa kabla ni mkopeshaji, hata kama risiti yake inamwita mteja. Tangu hapo, nikiombwa kulipa kabla, sianzi kwa kujiuliza kama mtu huyu ni mwaminifu. Naanza na hili: kati ya leo na siku nitakayopokea, pesa yangu itakaa wapi, na ikipotea itakuwa imempotea nani? Njia zote ninazolinganisha hapa zinatofautiana katika jibu la swali hilo.

Kulipa yote mwanzoni, au kulipa ukishapokea

Hizi ni ncha mbili za kamba moja. Ukilipa yote mwanzoni, hatari yote umeibeba wewe. Ukilipa baada ya kupokea, ameibeba muuzaji: ameshanunua malighafi na kulipa vibarua, na wewe unaweza kughairi au kuishiwa. Ndiyo maana anayekubali kulipwa mwishoni huongeza bei kidogo, na anayelipwa mwanzoni hutoa punguzo.

Punguzo hilo lipigie hesabu kabla halijakuvuta. Tuseme bei ni 100, ukilipa leo unatozwa 95, na mzigo utafika baada ya miezi mitatu. Umetoa 95 ukaokoa 5, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa miezi mitatu. Kwa mwaka mzima ni kama asilimia 21. Kwa hesabu hiyo ni faida nono. Sasa itazame kwa upande wa pili. Punguzo la asilimia 5 linafidia hatari ya mteja mmoja kati ya ishirini kukosa alichokilipia, basi. Ukiona muuzaji wako anaweza kuwaangusha wateja zaidi ya mmoja katika kila ishirini, punguzo hilo halikutoshi. Kwa kampuni kongwe yenye bidhaa tayari ghalani, 5 inatosha na kubaki. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi peke yake, au duka lililofunguliwa mtandaoni juzi, mimi nisingekubali hata kwa 15.

Tena kuna punguzo linalopaswa kukutia wasiwasi lenyewe. Muuzaji anayekata theluthi nzima ya bei kwa atakayelipa leo hii anatafuta taslimu kwa udi na uvumba. Jiulize kwa nini benki haijampa.

Biashara ikifilisika, mfilisi huuza kilichobaki na kugawa kwa zamu. Benki yenye rehani huwa mbele, gharama za ufilisi na sehemu ya mishahara ya wafanyakazi nazo hutangulizwa, na mteja aliyelipa kabla husimama nyuma pamoja na wadai wengine wasio na rehani. Sheria ya Marekani humsogeza mbele kidogo, kwa kiasi chenye kikomo. Kwingi hata hilo halipo.

Matukio mawili ya Uingereza yanaonyesha tofauti kuliko maelezo yoyote. Oktoba 2006 kampuni ya Farepak, iliyokuwa ikipokea akiba za familia mwaka mzima kwa ajili ya vikapu na vocha za Krismasi, ilianguka wiki chache kabla ya sikukuu. Akiba hizo hazikuwa zimetengwa kando. Waliochangia, wengi wao watu wa kipato kidogo, wakageuka wadai wa kawaida, wakasubiri kwa miaka, na walichopata kilikuwa sehemu tu ya walichoweka. Septemba 2019 ikaanguka Thomas Cook, wateja wapatao 150,000 kutoka Uingereza wakiwa bado safarini. Safari zilizouzwa kama kifurushi zilikuwa chini ya mpango wa ulinzi uitwao ATOL: waliokuwa nje walirudishwa nyumbani, na ambao hawajaondoka walirudishiwa pesa. Makundi yote mawili yalilipa kabla, kwa nia njema, kwa kampuni zenye jina. Wa pili walipona kwa sababu ulinzi wao ulikuwa nje ya kampuni, mahali ambapo anguko lake halikufika.

Basi kulipa yote kunafaa lini? Kiasi kikiwa kidogo hata kikipotea hakikuumizi. Kitu kikiwa mbele ya macho yako. Au sheria na bima zikiwa zimesimama nyuma ya malipo yako, kama katika safari zile za kifurushi. Kuna na hali ya nne, ya kale zaidi: muuzaji anapohitaji mtaji wako ili kitu chenyewe kipatikane. Sheria ya Kiislamu, ambayo kwa kawaida inakataza mtu kuuza asichonacho, imeruhusu hili kwa mkataba wa salam. Mtume Muhammad alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza. Aliwaambia anayelipa kabla alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Bei hutolewa yote papo hapo, kwa hiyo maelezo ya kitu hayaachwi wazi hata kidogo. Mafakihi wakaongeza sharti ninalolipenda sana: usifunge mkataba kwa matunda ya mti fulani au shamba fulani, maana mti huo usipozaa muuzaji hana pa kuchukua. Ukilipia kitu kizima leo, basi kiwe kitu ambacho muuzaji akikwama kwake anaweza kukipata kwingine akakuletea.

Arubuni

Arubuni tumeipata kutoka Kiarabu, na ndugu zake wametapakaa: Kigiriki cha kale kilikuwa na arrabon, Kifaransa cha leo kina arrhes. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mnunuzi hatanii. Kwa hasara, ni nafuu kuliko kulipa yote, kwa sababu umejiwekea kikomo: mambo yakiharibika umepoteza sehemu, si kitu kizima.

Shida yake ni kwamba watu wawili wanaweza kuiita arubuni kila mmoja na maana yake. Wafaransa wamelitenganisha hili vizuri. Arrhes ni fedha ya kununulia uhuru wa kughairi: kwa Kifungu cha 1590 cha sheria yao ya madai, mnunuzi akighairi anaiacha, na muuzaji akighairi anairudisha mara mbili. Acompte ni sehemu ya kwanza ya bei; ukishaitoa umefungwa, na ukijitoa unaweza kudaiwa zaidi ya ulichotoa. Na mkataba wa mlaji na mfanyabiashara ukikaa kimya, sheria yao huchukulia kilicholipwa kabla kuwa arrhes.

Nchi yako inaweza kuwa na sheria nyingine, lakini swali ni lile lile na uliulize kabla ya kutoa: nikighairi mimi, nini kinatokea? Ukighairi wewe, je? Risiti nyingi hujibu la kwanza tu, kwa herufi kubwa: HAIRUDISHWI. La pili huachwa hewani. Mwambie muuzaji aandike mstari mmoja chini yake: asipoleta kufikia tarehe fulani, anarudisha yote ndani ya siku kadhaa. Ukiweza kupata ahadi ya mara mbili, vizuri zaidi. Anayekataa kuandika hata kwamba atarudisha kile kile alichopokea ameshakueleza anavyofikiri. Wanazuoni wengi wa Kiislamu waliikataa arubuni kwa sababu hii hii, kwamba muuzaji huondoka na mali ya mtu bila kutoa chochote. Wahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Hanbali, ndio walioikubali.

Iwe kubwa kiasi gani? Mimi hupima kwa hasara atakayoipata muuzaji nikikimbia. Jokofu lililomo dukani atamuuzia mwingine kesho, kwa hiyo arubuni yake iwe ndogo. Suti iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wako hakuna mwingine atakayeivaa, kwa hiyo fundi cherehani akitaka nusu, ana haki.

Kulipa kwa hatua

Kwa kazi yoyote inayochukua wiki au miezi, iwe ujenzi, samani, programu ya kompyuta, uchapaji au ukarabati wa gari, hii ndiyo njia ninayoichagua, na ningependa watu wengi zaidi waijue vizuri. Kanuni yake ni fupi: wakati wowote ule, kazi uliyokwisha kuipata ilingane na pesa iliyokwisha kukutoka. Mkigombana leo na kila mtu akashika njia yake, pasiwe na aliyemdhulumu mwenzake.

Jimbo la California limeliweka hili kwenye sheria za ukarabati wa nyumba. Malipo ya kwanza hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo, na baada ya hapo mkandarasi hawezi kudai fedha za kazi ambayo bado hajaifanya wala vifaa ambavyo bado hajavileta. Ujerumani imekazia upande wa mwisho: tangu 2018, mtu anayejengewa nyumba na mkandarasi hawezi kulipishwa zaidi ya asilimia 90 kwa hatua, kipande cha mwisho kinangoja makabidhiano. Unganisha mawazo hayo mawili, mwanzo mdogo na mkia uliobaki mkononi mwako, na una mkataba mzuri.

Wengi hukosea wanapogawa hatua kwa tarehe. "Asilimia 30 mwisho wa mwezi" inamlipa fundi kwa sababu mwezi umeisha. "Asilimia 30 milango ikiwa imefungwa mahali pake na inafunga bila kukwaruza" inamlipa kwa sababu milango ipo. Hatua iwe kitu ambacho hata mpita njia asiyejua kazi anaweza kukitazama akasema kipo au hakipo. "Kazi ikifika nusu" haifai, maana nusu ya fundi na nusu ya mteja hazijawahi kukutana.

Kabati la pili, kwa fundi mwingine, nililifanya hivi. Mbao nililipia mwenyewe kwa muuzaji wa mbao, risiti ikaandikwa jina langu, kwa hiyo zilikuwa mali yangu hata zikiwa zimelala kwenye karakana yake. Bei ya ufundi tukaikata mara tatu. Theluthi ya kwanza, fremu ikiwa imesimama. Ya pili, rafu na milango ikiwa imekaa, lakini kabla ya vanishi. Hapo nilisisitiza, kwa sababu vanishi ikishapakwa huoni tena nyufa zilizojazwa unga wa mbao na gundi. Nilikwenda na tochi, nikapiga magoti, nikamulika maungio ya chini moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa yamejazwa. Fundi aliyafumua bila maneno mengi, kwa kuwa theluthi yake ilikuwa mfukoni mwangu nami nilikuwa nimekuja nayo. Ya mwisho ilitoka kabati likiwa limesimama nyumbani.

Fundi naye atazamwe. Kumlipa kwa hatua kusiwe kumfanya agharimie kazi yako kwa njaa ya watoto wake. Hatua ziwe fupi, na ikifikiwa moja, lipa siku hiyo hiyo. Nilipomuuliza huyu wa pili kwa nini alikubali haraka masharti ambayo wenzake hukataa, aliniambia kinachomfanya adai kingi mwanzoni ni wateja wanaopotea mwishoni. Malipo makubwa ya mwanzo mara nyingi ni bima ya fundi dhidi ya mteja asiyelipa. Mpe uhakika huo kwa njia nyingine, atashusha mwenyewe.

Angalia pia ukubwa wa mkia. Ukibakiza asilimia 5 na mlango ukapinda, nauli na siku moja ya kazi vinaweza kuzidi hiyo 5, na fundi akaamua kuisamehe kuliko kurudi. Mkia unapaswa kuwa mkubwa kuliko gharama ya kurekebisha kasoro inayoweza kutokea.

Kwa vitu visivyokatika vipande, kama tiketi, simu au mashine moja, hatua hazina maana.

Fedha ikashikwa na mtu wa tatu

Muuzaji hakuamini, nawe humwamini, na hamjawahi kuonana. Hapo pesa inakaa kwa mtu wa kati: wewe umeshaitoa, yeye anajua ipo, lakini haimfikii hadi uthibitishe kwamba umepokea. Huduma ya malipo ya Alipay ya China, iliyoanzishwa 2004, ilijijengea jina kwa kazi hiyo hiyo kwenye soko la mtandaoni la Taobao, ambako mamilioni ya watu wasiojuana walihitaji njia ya kuuziana.

Ukiilinganisha na arubuni, hii inawalinda wote wawili kwa kiwango sawa. Udhaifu wake uko mahali patatu. Kuna ada. Mkibishana kuhusu ubora, kuna mtu anayeamua, na yapaswa ujue mapema ni nani na anatazama ushahidi gani. La tatu ndilo linaloumiza watu: matapeli huanzisha tovuti za "mtu wa kati" wao wenyewe, kisha wakakutumia kiungo. Mtu wa kati mchague wewe, na anwani yake uiandike mwenyewe bila kubofya kiungo ulicholetewa. Wala usithibitishe kupokea kabla hujapokea, hata muuzaji akikuambia mfumo wao unahitaji hivyo ili mzigo uondoke. Ukishathibitisha umelipa yote kabla, tena kwa hiari yako.

Kwa mizigo ya nje, benki ndiyo huwa mtu wa kati, kupitia ile ahadi ya kulipa ambayo wafanyabiashara huiita LC. Kanuni zinazotumika karibu kote duniani, UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilianza Julai 2007, na zinaipa benki siku tano za kazi kukagua nyaraka. Nyaraka, narudia. Benki haifungui kontena. Nyaraka zikiwa sawa na kontena limejaa mawe, benki italipa, na ugomvi wa mawe ni wako na muuzaji. Kwa hiyo ukifungua LC, weka cheti cha mkaguzi huru kuwa mojawapo ya nyaraka zinazodaiwa. Mkaguzi ndiye atakayelifungua kontena kwa niaba yako. Gharama za LC hazifai kwa mzigo mdogo. Kwa mizigo ya kati viwanda vingi huomba asilimia 30 mwanzoni na 70 ukionyeshwa nakala ya hati ya shehena, yaani karatasi inayothibitisha kwamba mzigo umepakiwa. Hapo una nguvu kiasi juu ya ile 70, ila 30 umekopesha.

Na mkandarasi akitaka malipo makubwa ya awali kwa kazi kubwa, mdai dhamana ya benki kwa kiasi hicho hicho, yaani ahadi ya benki yake kukulipa asipotimiza. Anayeshindwa kuipata, benki yake inamjua kuliko unavyomjua wewe.

Pesa ipite njia gani

Muuzaji mmoja, kiasi kimoja, tarehe moja, na bado nafasi yako ya kuipata pesa ikiharibika inategemea umeituma vipi. Taslimu, kutuma kwa simu na kuhamisha kutoka benki hadi benki ni njia za kwenda tu: ikishafika, kuirudisha kunahitaji ridhaa ya aliyeipokea au mkono wa sheria. Uingereza tangu Oktoba 2024 inazitaka benki kumrudishia aliyelaghaiwa akahamisha pesa, hadi pauni 85,000. Ulinzi huo ni wa utapeli. Aliyelipa biashara halali ikafilisika haumhusu.

Kadi ni tofauti. Kitu kisipofika unaweza kuiomba benki iliyokupa kadi irudishe muamala, na kwa mitandao mikubwa dirisha la kuomba hivyo huwa kwa kawaida siku 120 tangu siku uliyotarajia kupokea. Kadi ya mkopo huenda mbali zaidi penye sheria ya kuibeba. Uingereza, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, hata kama kwa kadi ulilipa arubuni peke yake. Anayeijua kanuni hiyo hulipa kipande kidogo kwa kadi ya mkopo na salio kwa njia yoyote, na kitu kizima kikawa kimelindwa.

Muuzaji anayekataa kadi si lazima awe mbaya. Ada zake zinauma. Mwambie utaibeba ada hiyo. Akikataa hata hapo, na anasisitiza utume moja kwa moja kwenye namba ya mtu binafsi, mimi ningeondoka.

Huduma: mwezi kwa mwezi, mwaka mzima, au kadiri unavyotumia

Ukipewa miezi 12 kwa bei ya 10, mpaka wa faida ni mwezi wa kumi. Ukiacha kutumia mwezi wa tisa, umepata hasara. Hesabu hii kila mtu anaiweza, na bado tunaikosea kwa sababu siku ya kulipa tunamhesabia mtu tunayetamani kuwa. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichunguza wanachama wa kumbi za mazoezi Marekani, wakachapisha matokeo 2006: waliolipia uanachama wa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, na kila ziara ikawagharimu zaidi ya dola 17, wakati pasi ya ziara kumi ingewapa kila ziara kwa dola 10. Kwa hiyo huduma mpya ianze kwa bei ya mara moja moja, hata ikiwa ghali. Ukiona rekodi yako ya miezi mitatu inaihalalisha, ndipo uhamie mwaka.

Kuna upande wa moyo pia. Drazen Prelec na George Loewenstein walionyesha 1998 kwamba watu wengi hupendelea kulipia likizo kabla ya safari, lakini mashine ya kufulia wanapendelea kuilipia huku wakiitumia. Wako sahihi kuliko wanavyojua. Raha iliyokwisha kulipiwa huliwa kwa amani, na deni la safari iliyopita ni chungu. Lipia likizo kabla, ila hakikisha ulinzi wake.

Umeme na simu za kulipia kabla nazo zipimwe dhidi ya ankara ya mwisho wa mwezi. Kwa kipato kisicho na siku maalumu, kulipia kabla ni bora: hakuna deni la kushtukiza wala mabishano ya usomaji wa mita. Lakini salio likiisha usiku wa manane, huduma inaisha nalo. Nyumba yenye mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme, au dawa inayotunzwa kwenye baridi, ningeiwekea ankara, au akiba ya salio isiyoguswa.

Kama umeshalipa na siku imepita

Acha kuuliza "lini?" kwa mdomo. Andika ujumbe wenye kiasi, tarehe ya malipo, tarehe mliyokubaliana, na tarehe mpya ya mwisho, kisha useme ikipita unavunja mkataba na unadai pesa yako yote. Kwa wanunuzi wa Umoja wa Ulaya mpangilio huu ndio sheria yenyewe: muuzaji ana siku 30 kuleta ikiwa hamkukubaliana vingine, akishindwa unampa muda wa ziada unaofaa, akishindwa tena unajitoa na kurudishiwa. Kwingineko ujumbe huo bado ni ushahidi, na benki ya kadi yako itauomba.

Mimi kwa fundi wa kwanza nilikubali "wiki ijayo" kwa miezi mitano, na miezi mitano ni siku 150. Kama ningekuwa nimemlipa kwa kadi, dirisha lingekuwa limefungwa mwezi mmoja kabla kabati halijatoka. Kwa hiyo siku unayolipa, weka alama mbili kwenye kalenda: siku ya kupokea, na siku ya tisini baada yake, ambapo bado una mwezi mzima wa kuandika barua, kukusanya risiti na kwenda benki.